Kabla hujanunua krimu ya ngozi kavu, angalia kwanza unachonawia

Nuru ya Asubuhi (mleta uzi)

Salaam wakuu,

Humu kila mara linarudi swali lile lile: ngozi imekauka, inawasha, inavuta baada ya kunawa, kila ninachopaka kinachoma, je, ninunue krimu gani? Majibu huja mengi, kila mtu na krimu iliyomsaidia. Leo naomba tuligeuze swali. Kwa wengi wenye shida hii, cha kwanza kubadilisha ni kile wanachonawia, krimu inafuata baadaye. Nitaeleza sababu, kisha nieleze ninavyochagua bidhaa, na mwenye ujuzi zaidi aongeze.

Tunazungumzia tabaka la juu kabisa la ngozi. Ukiacha viganja na nyayo, unene wake ni kama sehemu mbili za mia za milimita moja, mara nyingi hata chini ya hapo. Humo kuna seli bapa zilizokufa, zimepangwa safu juu ya safu, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayozishikanisha. Peter Elias, mtaalamu wa ngozi wa Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980 aliueleza mpangilio huu kama ukuta: seli ndizo matofali, mafuta ndiyo udongo wa kujengea. Karibu nusu ya mafuta hayo kwa uzito ni seramidi, robo hivi ni kolesteroli, na sehemu kubwa ya yanayobaki ni asidi za mafuta. Ukuta huu unazuia maji ya mwili yasitoke ovyo na unazuia vya nje visiingie. Udongo ukipungua, maji yanapotea, manukato na vijidudu vinapenya, kinga ya mwili inashtuka, nawe unaanza kujikuna.

Sasa sabuni. Sabuni halisi, iwe ya kiwandani au ya kutengenezwa kwa mkono kwa mafuta ya asili kabisa, hupatikana kwa kuchanganya mafuta na kostiki soda au ndugu yake potasi. Ndiyo maana pH yake, yaani kipimo cha uasidi ambacho namba ikipanda uasidi unapungua, huwa kati ya 9 na 10. Ngozi yenye afya ina uasidi kidogo, pH ya 4.5 hadi 5.5 hivi. Usizione hizo namba kuwa zinakaribiana. Kila hatua moja ya pH ni kuzidisha kwa kumi, kwa hiyo kutoka 5 hadi 9.5 ni tofauti ya zaidi ya mara elfu thelathini.

Uasidi huo una kazi. Vimeng'enya vinavyokamilisha utengenezaji wa seramidi hufanya kazi vizuri penye asidi. pH ikipanda vinazorota, na wakati huohuo vimeng'enya vingine, vile vya kukata viunganishi vya seli ili ngozi iliyozeeka ibanduke, vinachangamka kupita kiasi. Mwenye ngozi imara hujirudi ndani ya saa chache. Mwenye ukurutu (ndiyo pumu ya ngozi), mwenye umri mkubwa, au anayenawa mara nyingi kwa siku, kabla hajarudi vizuri ameshanawa tena. Mtu wa namna hii anaweza kupaka krimu bora kuliko zote na asione tofauti, maana anachojenga usiku anakibomoa asubuhi.

Tatizo la pili ni kemikali za kutoa povu. Iliyo kali na inayojulikana zaidi ni SLS (kwenye lebo "sodium lauryl sulfate"). Maabara wanapotaka kuichokoza ngozi kwa makusudi ili wapime krimu fulani inaiponya vipi, SLS ndiyo wanayoipaka. Inang'oa mafuta ya ukuta na kubaki imeshika kwenye ngozi. Ndugu yake SLES ("sodium laureth sulfate") ni pole kuliko hiyo, na nyingine kama kokoili isethionati ni pole zaidi. Povu jingi si ushahidi kwamba umetakata. Na ile hali ya ngozi kukwaruza kidole ukiipitisha juu yake baada ya kunawa, ambayo wengi wetu tumelelewa tukiiita usafi, maana yake ni kwamba mafuta yako mwenyewe yameondoka na uchafu.

Kwa hiyo ninapochagua cha kunawia uso au kuogea nataka kiwe kimeandikwa kwamba hakina sabuni, pH yake iwe karibu na 5.5 (watengenezaji wengi wa bidhaa za namna hii huitaja), kisiwe na manukato, na gliserini iwe imetajwa mapema kwenye orodha ya viambato. Vipo vya maji na vipo vya kipande, kipande kikiwa cha aina hii si kibaya hata kidogo. Halafu kuna jaribio moja rahisi kuliko lebo zote: nawa, jifute kwa kugusagusa na taulo, usipake chochote, kaa robo saa. Ngozi ikivuta, hicho si chako.

Maji nayo yawe vuguvugu. Maji ya moto yanalegeza mafuta ya ukuta na kuyaondoa hata bila sabuni. Na wengi hatuhitaji kupaka sabuni mwili mzima kila tunapooga: kwapa, sehemu za siri kwa nje, miguu, na palipochafuka kweli. Mikono na mapaja ya mtu aliyeshinda ofisini yanatosheka na maji.

Baada ya hapo ndiyo tuje kwenye krimu. Krimu nzuri inafanya mambo matatu. Inavuta maji na kuyashika, kazi ya gliserini, yurea na asidi ya hialuroniki. Inajaza mianya katikati ya seli, kazi ya seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Na inafunika juu ili maji yasitoroke, kazi ya mafuta ya mgando, dimethikoni na lanolini. Bidhaa yenye kuvuta maji peke yake, kama zile seramu za hialuroniki zinazosifiwa sana, ukiipaka penye hewa kavu bila kufunika juu inaweza kukuacha mkavu zaidi. Ipake ngozi ikiwa bado na unyevu, kisha krimu juu yake. Krimu yenyewe ipakwe ndani ya dakika chache tu baada ya kutoka bafuni.

Mimi nina ukurutu tangu utotoni, kwa hiyo haya si mambo ya kusoma tu kwangu. Karibuni.

---

Kipepeo Buluu

Asante sana mkuu kwa elimu. Swali: krimu yangu imeandikwa "haina manukato", lakini kwenye orodha naona "cetearyl alcohol" namba tatu. Si pombe hiyo? Niliambiwa pombe inakausha ngozi, nitupe?

---

Nuru ya Asubuhi

Usitupe, Kipepeo. Jina la alkoholi limebeba familia kubwa. Inayokausha ni ile nyepesi inayoruka hewani, ambayo kwenye lebo huandikwa "alcohol denat" au "alcohol" peke yake. Hiyo ikiwa juu kwenye orodha ya kitu kinachobaki usoni, mimi naiacha. Setearili, setili na stearili ni alkoholi za mafuta, nta laini nyeupe zinazoipa krimu uzito na kulainisha ngozi. Wachache sana hupata mzio nazo, lakini kwa wengi ni rafiki.

Na kwa kuwa umeanza kusoma orodha: viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, ila vikishafika chini ya asilimia 1 mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Ndiyo maana gliserini naitaka juu, hiyo inahitajika kwa kiasi. Seramidi kuwa chini si kosa peke yake, kwani hutumika kwa kiasi kidogo. Nikikuta seramidi imeandikwa kwa herufi kubwa mbele ya kopo, halafu nyuma imekaa baada ya manukato na rangi, hapo najua nauziwa jina.

---

Kaka Mkubwa

Wakuu, mimi hununua iliyoandikwa kwamba haileti mzio na imepimwa na madaktari wa ngozi. Hiyo si inatosha?

---

Chemchemi

Naomba nijibu hili, nafanya kazi duka la dawa na naulizwa kila siku.

Haitoshi, kaka. Nchini Marekani, Mamlaka ya Chakula na Dawa, FDA, ilijaribu mwaka 1975 kuweka kanuni kwamba anayeandika "haileti mzio" awe na majaribio ya kuthibitisha. Kampuni za vipodozi zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 kanuni hiyo ikatenguliwa. Mpaka leo FDA yenyewe inasema neno hilo halina kipimo cha kisheria kule. "Imepimwa na madaktari wa ngozi" nalo halikwambii imepimwa kwa watu wangapi, wala matokeo yalikuwaje. Na "asilia" ni hivyohivyo: mafuta ya lavenda na ya ganda la machungwa ni ya asili, na yamo kabisa kwenye orodha za vitu vinavyowapa watu mzio wa ngozi.

Geuza kopo usome nyuma. Vitu viwili vya kukwepa kwa mwenye ngozi nyepesi kuchokozeka. Kwanza manukato, yanayoandikwa "parfum" au "fragrance". Neno hilo moja linaweza kuficha makumi ya kemikali. Umoja wa Ulaya ulikuwa ukilazimisha 26 kati ya zile zinazoleta mzio zitajwe kwa majina, na kanuni ya mwaka 2023 imeipanua orodha hiyo hadi zaidi ya 80. Angalia pia kwamba "isiyonukia" na "isiyo na manukato" ni vitu viwili tofauti, ya kwanza inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya malighafi.

Pili, kihifadhi kinachoitwa methiliisothiazolinoni, kifupi MI. Kilileta mzio kwa watu wengi kiasi kwamba Jumuiya ya Mzio wa Mguso ya Marekani ilikitangaza kuwa kizio cha mwaka 2013, na Ulaya kimepigwa marufuku tangu 2017 kwenye bidhaa zinazopakwa na kubaki mwilini. Kwenye bidhaa za kusuuza bado kinaruhusiwa kwa kiasi kidogo, kwa hiyo angalia shampuu pia. Shampuu inateremka usoni na mgongoni, watu wanaisahau.

---

Mama Wawili

Mimi nina mtoto wa miezi minne, ngozi yake kavu sana, na mkubwa wake ana pumu ya ngozi. Nimekuwa nampaka mafuta ya zeituni nikiamini ni salama kuliko vya dukani. Nimeshtuka kusoma hapa kwamba asilia si hoja. Mnanishauri nini?

---

Chemchemi

Hongera kwa malezi, mama. Mafuta ya mimea hayafanani. Ya zeituni yana asidi ya oleiki nyingi sana, ambayo inavuruga mpangilio wa mafuta ya ukuta. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield walichapisha mwaka 2013 matokeo ya watu wazima waliopakwa mafuta hayo mkononi kwa wiki kadhaa: ukuta wa ngozi ulidhoofika na wakapata wekundu kidogo, hata wale ambao hawajawahi kuwa na pumu ya ngozi. Upande uliopakwa mafuta ya alizeti, yenye asidi ya linoleiki kwa wingi, haukudhoofika. Hivyo zeituni iache. Kwa mtoto mkavu, mafuta ya mgando yasiyo na manukato au krimu nzito isiyo na manukato inatosha kabisa. Maji ya kuogea yawe vuguvugu, aoge kwa muda mfupi, na cha kuogea kisiwe sabuni.

Jambo moja niwe mkweli kwako. Tulikuwa na matumaini kwamba kumpaka mtoto mchanga krimu kila siku kungemzuia asipate pumu ya ngozi. Majaribio mawili makubwa yaliyochapishwa mwaka 2020 kwenye jarida la The Lancet, moja la Uingereza na jingine la Norwei na Uswidi, hayakuonyesha kinga hiyo. Paka kwa ajili ya ukavu alionao sasa, utamsaidia. Akitoka mabaka ya kuwasha mashavuni au mikunjoni, mpeleke kwa daktari mapema, usisubiri.

---

Nuru ya Asubuhi

Naongezea kwa Mama Wawili: usijilaumu. Mwaka 2006 watafiti wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Dundee walionyesha kwamba wengi wenye ukurutu wamerithi hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini ambayo ikivunjika hutoa vitu vinavyoshika maji ndani ya seli za juu. Mwenye hitilafu hiyo anazaliwa na ukuta dhaifu. Hakuna ulichomfanyia mwanao.

---

Chunusi Sugu

Mimi ngozi yangu ya mafuta, tena mengi. Natumia kisafisha uso cha salisiliki asubuhi na jioni, tona ya glaikoliki, retinoli usiku, na skrabu mwisho wa wiki. Uso unang'aa kwa mafuta lakini unabanduka pembeni ya pua na kila kitu kinachoma, hata maji. Krimu naogopa kwa sababu ya chunusi. Nifanyeje?

---

Nuru ya Asubuhi

Ndugu yangu, maji yakichoma uso ujue ukuta umebomoka. Na mtu anaweza kuwa na mafuta mengi juu huku ukuta wake umeharibika, kwa sababu mafuta yanayotoka vinyweleoni ni mengine kabisa na yale yanayoshikanisha seli. Ya kwanza hayazibi pengo la ya pili.

Ningekuwa wewe ningesimamisha vyote leo. Skrabu usiirudie kabisa. Kisafisha uso kisicho sabuni jioni tu, asubuhi maji. Krimu isiyo na manukato, na losheni ya kuzuia jua mchana. Basi. Hali hiyo iendelee wiki mbili hadi nne, maana tabaka la juu linahitaji muda huo kujijenga upya. Ukitaka kuongeza kitu kimoja, niasinamidi ya asilimia 2 hadi 5, inasaidia ngozi itengeneze seramidi zake. Zile za asilimia 10 zinawachoma baadhi ya watu, usizianze sasa.

---

Chunusi Sugu

Wiki nne bila dawa? Chunusi si zitanijaa uso mzima?

---

Chemchemi

Hapa natofautiana kidogo na mleta uzi. Kusimamisha ni sahihi, ila wiki nne ni nyingi kwa mwenye chunusi zinazoacha makovu. Pumzika mpaka maji yasichome, kwa wengi huwa ndani ya wiki moja au mbili. Kisha rudisha dawa moja, moja tu: adapaleni au retinoli, usiku mmoja kati ya mitatu, kwanza krimu kisha dawa juu yake. Ngozi ikivumilia, sogeza kidogokidogo. Salisiliki, glaikoliki na retinoli kwa pamoja kila siku hazihitajiki kwa uso wa mtu yeyote.

Na kama hizo chunusi ni vipele vidogo vya saizi moja, vinawasha, vimejaa kwenye paji la uso, kifuani na mgongoni, mwonyeshe daktari. Kuna fangasi wa ngozi wanaoitwa malasezia wanaoleta vipele vinavyofanana na chunusi. Dawa za chunusi havizisikii, na mafuta mazito yanaweza kuvichochea.

---

Nuru ya Asubuhi

Nakubali, Chemchemi. Kigezo kiwe maji kuacha kuchoma, tuache kalenda. Chunusi Sugu, fuata hilo.

---

Rangi ya Udongo

Naomba tuzungumzie sisi weusi. Picha zote za ngozi iliyoharibika zinaonyesha wekundu. Kwangu wekundu sijawahi kuuona, naona weusi tu unaongezeka na ngozi inapauka. Rafiki yangu alipauka hivyo, akaambiwa atumie krimu ya kung'arisha ili kutoa mabaka.

---

Nuru ya Asubuhi

Hili ndilo linalonigusa kuliko yote, asante kwa kulileta.

Kwenye ngozi nyeusi uvimbe hujionyesha kwa rangi ya zambarau, kahawia iliyokolea au kijivujivu. Wakati mwingine hauonekani kabisa, unausikia: joto, muwasho, ngozi kuwa na chengachenga ukiipapasa. Kwa hiyo wengi tunachelewa kutambua, madaktari nao wanachelewa. Ukiisha, unaacha doa jeusi linalokaa miezi. Doa hilo ni kumbukumbu ya uvimbe uliopita. Ukilichokonoa kwa vitu vikali unaanzisha uvimbe mwingine, na doa linakolea.

Krimu za kung'arisha zinazouzwa kiholela mara nyingi zina steroidi kali kama klobetasoli, au haidrokwinoni, au zebaki. Steroidi inatuliza muwasho haraka, ndiyo inayowanasa watu, huku ikiipunguza ngozi unene na kuuchosha ukuta. Ukiacha ghafla, inalipuka. Haidrokwinoni ikitumika muda mrefu bila usimamizi inaweza kuleta weusi wa kudumu wenye rangi ya buluu-kijivu. Zebaki inaharibu figo, na Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, umeazimia kuiondoa kabisa kwenye vipodozi. Rafiki yako kama ameshaanza kutumia, mwambie asiache peke yake ghafla ikiwa ametumia miezi mingi. Aende na kopo lenyewe kwa daktari wa ngozi, ampunguzie taratibu. Na usimkemee, watu wengi hujificha kwa aibu na wanaumia zaidi.

Kwa madoa, silaha ya kwanza ni kuzuia jua. Melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu, inasaidia lakini haitoshi, na mwanga wa kawaida unaoonekana nao huchochea madoa kwenye ngozi nyeusi. Losheni za jua zenye rangi, zilizotiwa oksidi za chuma, huzuia mwanga huo na haziachi weupe usoni. Mwenye ngozi inayochomeka haraka aanze na zile za oksidi ya zinki, huwa hazichomi macho wala ngozi.

---

Mzee wa Kivulini

Vijana, mimi umri umeenda. Miguu kuanzia magoti hadi vifundoni inawasha sana usiku, imepasukapasuka. Naoga maji ya moto na sabuni ya dawa ili niue wadudu. Nimesoma huu uzi wote, sijaona la wazee.

---

Nuru ya Asubuhi

Shikamoo mzee wetu. Utuwie radhi, ulistahili kujibiwa mwanzoni.

Umri ukienda, ngozi hutengeneza mafuta ya ukuta kidogo zaidi, na ikibomolewa hujijenga polepole. Miguu chini ya magoti ndiyo huathirika kwanza kwani ina tezi chache za mafuta. Kwa hiyo maji ya moto na sabuni ya dawa ndivyo vinavyokuzidishia. Hakuna wadudu wa kuua hapo, mzee. FDA ya Marekani mwaka 2016 iliviondoa sokoni viambato 19 vya sabuni za kuua vijidudu za matumizi ya nyumbani, triklosani kikiwemo, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuonyesha kwamba ni salama kwa matumizi ya kila siku na kwamba vinashinda sabuni ya kawaida na maji.

Oga maji vuguvugu, usikae sana, na miguu isiguswe na sabuni. Jifute kidogo, kisha paka krimu nzito. Yurea ya asilimia 5 hadi 10 inafaa sana miguu mikavu, ila kwa sasa penye nyufa itachoma. Anza na mafuta ya mgando mpaka nyufa zifunge, ndipo uhamie kwenye yurea. Usichukue ya asilimia 20 na kuendelea, hizo ni za kulainisha ngozi ngumu ya visigino.

Halafu mzee, muwasho wa mwili mzima usioisha, au miguu ikivimba, au kidonda kisichopona, hayo ni ya hospitali. Wakati mwingine sukari, figo au ini hujitangaza kwa muwasho.

---

Mzee wa Kivulini

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Nitaanza leo.

---

Kaka Mkubwa

Mafuta ya mgando si yanaziba ngozi isipumue?

---

Chemchemi

Kaka, ngozi haipumui kwa maana hiyo, kupumua ni kazi ya mapafu. Robert Chesebrough alipata hataza ya mafuta ya mgando mwaka 1872 huko Marekani, na mpaka leo ni vigumu kupata kitu kinachozuia upotevu wa maji vizuri kuliko hayo. Nayo hayakai juu tu, yanaingia katikati ya seli za tabaka la juu na ngozi inaendelea kujijenga chini yake. Yakiwa yamesafishwa vizuri, karibu hayana kinacholeta mzio. Ubaya wake ni kwamba yananata na hayana maji, kwa hiyo ukiyapaka kwenye ngozi kavu kabisa unafungia ukavu. Lowesha kwanza. Usoni kwa mwenye chunusi, paka tu palipochubuka.

---

Kipepeo Buluu

La mwisho kutoka kwangu. Nimepata krimu mpya, nitajuaje itanikubali? Na mimi ni muuguzi, mikono inanawa kutwa nzima, siwezi kupunguza.

---

Nuru ya Asubuhi

Krimu mpya ipake sehemu moja ndogo ya ndani ya kiwiko, mara mbili kwa siku, siku 7 hadi 10. Mzio wa ngozi huchelewa kujitokeza, jaribio la usiku mmoja halitoshi. Na usianze bidhaa mbili kwa wakati mmoja, ikitokea harara hutajua mwenye kosa ni nani.

Mikono ya kazi: kama haina uchafu unaoonekana na kazi yenyewe inaruhusu, kitakasa mikono cha alkoholi ni pole kwa ngozi kuliko sabuni na maji. Najua inashangaza baada ya niliyosema juu ya alkoholi, lakini alkoholi hairuki na mafuta yako yote namna sabuni inavyoyasuuza yakaenda na maji. Shirika la Afya Duniani kwenye mchanganyiko wake limeweka gliserini ya asilimia 1.45 kwa ajili hiyohiyo ya kulinda ngozi, kwa hiyo tafuta chenye gliserini. Kikikuchoma, mikono ilishapasuka kabla, itibu kwanza. Baadhi ya vijidudu vya kuhara haviuliwi na alkoholi, hapo lazima unawe kwa sabuni kama taratibu za kazini zinavyosema.

Ukinawa, suuza vizuri hata chini ya pete, kausha kabisa kabla ya kuvaa glavu. Weka krimu ya mrija mfukoni, upake kila unapopata nafasi. Usiku paka mafuta ya mgando, vaa glavu za pamba, ulale nazo. Ukiona malengelenge madogo pembeni ya vidole, au ngozi inapasuka kwenye likizo pia, omba upimwe mzio wa mpira na wa vihifadhi, huenda tatizo si kunawa peke yake.